Umri wa kumtenganisha mtoto wa paka na mama yake

Umri wa kumtenganisha mtoto wa paka na mama yake ni umri ambao mtoto wa paka wa nyumbani (jina la kisayansi: Felis catus) anaweza kuondolewa kwa mama na ndugu zake na kupelekwa kwa mlezi mpya bila kuhatarisha uhai, afya au tabia yake. Madaktari wa wanyama na mashirika mengi ya ustawi wa wanyama hutaja wiki 8 kuwa umri wa chini kabisa. Vyama vya wafugaji wa paka wa nasaba, kama vile Siamese na Persian, kwa kawaida hutaka wiki 12 au 13. Utafiti mkubwa uliofanyika nchini Ufini ulipendekeza wiki 14.

Hata hivyo watoto wa paka hutolewa mara kwa mara kabla ya umri huo. Wakiwa na wiki 4 au 5 tayari wanatembea, wanacheza na wanaweza kulamba chakula sahanini, kwa hiyo huonekana kama wamekwisha kukua. Lakini katika umri huo bado wanategemea maziwa, bado hawajajifunza kuishi na paka wenzao, na kinga waliyopewa na mama inaanza kupungua kabla mwili haujaweza kujilinda wenyewe. Mtoto anayeondolewa wakati huo anaweza kufa kwa kuharisha au kwa baridi, na akiishi anaweza kuwa paka mwoga au mkali kwa maisha yake yote.

Kuachishwa kunyonya na kutenganishwa

Mambo mawili huchanganywa mara nyingi. La kwanza ni kuachishwa kunyonya, yaani kulikizwa: mtoto huacha maziwa pole pole na kuzoea chakula kigumu. La pili ni kutenganishwa, yaani kuondoka kabisa mahali alipo mama. Kwa paka mambo haya hayatokei siku moja. Kuachishwa kunyonya huanza katika wiki ya 4 na kwa kawaida hukamilika kati ya wiki ya 7 na ya 8, lakini watoto wanaobaki na mama huendelea kujifunza kwake kwa wiki nyingi baada ya hapo. Baadhi yao huendelea kunyonya mara moja moja hata wakiwa na miezi mitatu, zaidi kwa ajili ya faraja kuliko kwa ajili ya lishe.

Kwa hiyo swali la kama mtoto anaweza kula peke yake halitoshi kuamua kama yuko tayari kuondoka. Kula ni sharti moja tu kati ya kadhaa.

Ukuaji kabla ya kutenganishwa

Mimba ya paka hudumu siku 63 hadi 65 hivi. Uzao mmoja huwa na watoto 3 hadi 5 mara nyingi. Kila mtoto huzaliwa na uzito wa gramu 100 hivi, akiwa hawezi kuona wala kusikia, na akiwa na afya njema huongezeka gramu 10 hadi 15 kila siku.

Hatua kuu za ukuaji ni hizi:

- Wiki ya 1: Macho na masikio yamefungwa. Mtoto hawezi kutetemeka ili kujipasha joto, hivyo hutegemea mwili wa mama na wa ndugu zake. Hawezi pia kukojoa wala kujisaidia peke yake. Mama humlamba sehemu za nyuma ili kuamsha haja.
- Wiki ya 2: Macho hufunguka, kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 14. Macho ya watoto wote wa paka huwa ya buluu wakati huu. Masikio nayo huanza kufunguka.
- Wiki ya 3: Meno ya mbele huanza kuota. Mtoto hujaribu kusimama na kutembea kwa kuyumbayumba, na huanza kukojoa bila msaada wa mama.
- Wiki ya 4: Hutembea vizuri na kuanza kucheza na ndugu zake. Chonge zimeota au zinaota. Mwili huanza kudhibiti joto lake vizuri zaidi. Huanza kufukia kinyesi kwenye mchanga kwa kumwiga mama na kwa silika.
- Wiki ya 5 na ya 6: Hula chakula laini, lakini bado hunyonya mara nyingi kwa siku. Magego ya utotoni yanaota.
- Wiki ya 7 na ya 8: Meno yote 26 ya utotoni yamekamilika. Rangi ya macho hubadilika kutoka buluu kwenda rangi ya kudumu. Uzito hufikia gramu 800 hadi kilo 1.
- Wiki ya 9 hadi ya 14: Michezo ya kukimbizana na kupigana mieleka huwa mingi kuliko wakati mwingine wowote. Mtoto hujifunza mipaka ya kuuma na kuparua.

Jinsi mama anavyowaachisha kunyonya

Paka huwaachisha watoto wake kunyonya bila msaada wa binadamu. Kuanzia wiki ya 4 hivi huanza kukaa mbali nao kwa muda mrefu zaidi. Watoto wakimfuata, hulala kifudifudi ili kuficha chuchu, huruka juu ya mahali wasipofika, au huwafukuza kwa kofi jepesi lisilotoa makucha. Watoto wenye njaa hulazimika kujaribu chakula kingine.

Mama anayewinda huleta mawindo. Mwanzoni huleta panya au mjusi aliyekwisha kufa na kumla mbele ya watoto. Baadaye huwaachia wale wenyewe, kisha huwaletea aliye hai ili wamkamate. Desturi hii imetoka kwa wazazi wa kale wa paka wa nyumbani, paka-mwitu wa Afrika (Felis lybica), ambao bado wanaishi porini katika sehemu nyingi za Afrika, Afrika Mashariki ikiwemo.

Nyumbani mlezi anaweza kusaidia kwa kuweka chakula laini katika sahani isiyo na kina kirefu kuanzia wiki ya 4: samaki aliyepikwa na kuondolewa miba, kuku aliyesagwa bila mifupa, au chakula cha dukani cha watoto wa paka kilicholainishwa kwa maji ya uvuguvugu. Maji safi ya kunywa yanapaswa kuwepo wakati wote.

Paka ni mla nyama kwa asili. Mwili wake unahitaji taurini, kirutubisho kinachopatikana katika nyama na samaki lakini hakipo katika nafaka. Katika miaka ya 1970 na 1980 watafiti wa Marekani waligundua kwamba paka wanaokosa taurini huweza kupofuka na kupata ugonjwa wa moyo. Kwa sababu hiyo ugali au wali wenye mchuzi kidogo haumtoshi mtoto wa paka anayekua. Mchuzi wenye kitunguu maji au kitunguu saumu una hatari yake pia, kwani vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka.

Kinga ya mwili na chanjo

Mtoto wa paka huzaliwa karibu bila kingamwili. Huzipata katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, na utumbo wake huweza kuzipokea zikiwa nzima katika siku ya kwanza tu ya maisha yake. Kingamwili hizo humlinda kwa wiki kadhaa, kisha hupungua. Kasi ya kupungua hutofautiana: kwa wengine ulinzi huisha karibu na wiki ya 6, kwa wengine huendelea hadi wiki ya 12 au zaidi.

Jambo hili lina matokeo mawili. Kwanza, kingamwili za mama zikiwa bado nyingi huweza kuizuia chanjo isifanye kazi. Pili, zikishapungua mtoto hubaki bila ulinzi mpaka mwili wake utengeneze kinga yake. Kwa sababu hakuna anayejua kwa kumtazama mtoto kama yuko katika hali ipi, chanjo hutolewa zaidi ya mara moja. Mwongozo wa chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo (WSAVA) unapendekeza chanjo za msingi zianze kati ya wiki ya 6 na ya 8, na zirudiwe kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka mtoto afike wiki 16 au zaidi.

Chanjo za msingi hulenga virusi vitatu. Cha kwanza ni kile cha panleukopenia, ugonjwa unaoshambulia utumbo na uboho wa mifupa na kuua watoto wengi wa paka. Viwili vingine, herpesi ya paka na kalisi, huleta mafua makali, vidonda vya mdomoni na macho yanayotoa usaha. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia wiki ya 12, na ni muhimu hasa katika nchi ambamo ugonjwa huo bado upo, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda.

Kuhama nyumba huongeza hatari. Mtoto aliyetoka kwa mama yake huwa na hofu, hula kidogo, na hukutana na vijidudu vya mahali papya. Akihamishwa akiwa na wiki 5 bila chanjo yoyote, mambo hayo yote humkuta wakati kinga ya mama inapungua.

Minyoo nayo huanza mapema. Aina moja ya minyoo ya utumbo, Toxocara cati, hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto ndani ya maziwa. Ndiyo maana dawa ya minyoo huanza kutolewa mtoto akiwa na wiki 3 hivi na kurudiwa kila baada ya wiki 2 wakati wa kunyonya. Viroboto wengi wanaweza kumnyonya damu mtoto mdogo hadi akafa kwa upungufu wa damu. Dawa za viroboto zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa hazifai kabisa, kwa kuwa baadhi zina permethrini, ambayo ni sumu kwa paka.

Kujifunza tabia

Katika miaka ya 1980 mwanasaikolojia Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, Marekani, alichunguza jinsi watoto wa paka wanavyozoea watu. Aligundua kwamba walioanza kushikwa na watu wakiwa na wiki 3 walikuwa watulivu zaidi mikononi mwa binadamu kuliko walioanza wakiwa na wiki 7, na kwamba muda wa kushikwa kila siku nao ulikuwa na maana. Kutokana na kazi hiyo, kipindi cha kati ya wiki ya 2 na ya 7 huitwa kipindi nyeti cha kuzoea watu. Kipindi hicho huisha kabla mtoto hajafika umri wa kuondoka, hivyo kazi ya kumzoesha ni ya nyumba alikozaliwa. Mtoto anayeguswa kwa upole kila siku na watu mbalimbali, huku akisikia sauti za kawaida za nyumbani, huanza maisha yake mapya bila hofu kubwa.

Wakati huohuo mtoto hujifunza kwa mama. Mwaka 1969 Phyllis Chesler alichapisha katika jarida la Science jaribio lililoonyesha kwamba watoto wa paka waliomtazama mama yao akibonyeza kidude ili kupata chakula walijifunza haraka kuliko waliomtazama paka jike wa kigeni. Walioachwa wajaribu wenyewe bila mfano hawakujifunza kabisa.

Ndugu nao ni walimu. Katika mchezo mtoto akimuuma mwenzake kwa nguvu, aliyeumwa hulia na kuacha kucheza, au humrudishia. Kwa njia hiyo hujifunza kupima nguvu ya meno na kuficha makucha. Mtoto aliyelelewa peke yake, bila mama wala ndugu, mara nyingi hukosa somo hilo, na humuuma mlezi wake bila kujua kwamba anaumiza.

Tafiti kuhusu kutenganisha mapema

Mwaka 1959 Philip Seitz alichapisha matokeo ya jaribio la kulinganisha paka waliotenganishwa na mama wakiwa na wiki 2, wiki 6 na wiki 12. Walipokua, wale wa wiki 2 walikuwa na wasiwasi na ukali kuliko wengine, na walipata shida zaidi kutulia baada ya kushtuka.

Utafiti mkubwa zaidi ulichapishwa mwaka 2017 katika jarida la Scientific Reports na Milla Ahola, Katariina Vapalahti na Hannes Lohi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Walitumia majibu ya wenye paka kuhusu paka 5,726 wa aina 40. Paka waliotenganishwa kabla ya wiki 8 walionyesha ukali zaidi. Waliotenganishwa baada ya wiki 14 hawakuwa na ukali mwingi kwa wageni, na walionyesha kwa kiasi kidogo tabia za kujirudiarudia, kama vile kujilamba kupita kiasi. Watafiti walipendekeza umri wa kutenganisha uongezwe kutoka wiki 12, uliokuwa ukipendekezwa Ufini, hadi wiki 14.

Utafiti huo una mipaka yake. Ulitegemea maelezo ya wenye paka, na ulionyesha uhusiano kati ya mambo mawili bila kuthibitisha kwamba moja ndilo lililosababisha jingine. Hata hivyo matokeo yake yanakwenda upande mmoja na yale ya majaribio ya zamani.

Madhara yanayotajwa zaidi kwa mtoto aliyetolewa mapema ni haya:

- kuharisha na kukosa maji mwilini kwa sababu ya kubadilishiwa chakula ghafla;
- baridi na udhaifu, hasa kwa mwenye uzito mdogo;
- kunyonya nguo, blanketi, vidole au masikio ya watu na wanyama wengine;
- kuuma na kuparua wakati wa kucheza;
- hofu ya wageni na ya paka wengine.

Kuchelewa kutenganisha

Kubaki na mama hadi wiki 12 au 14 hakumdhuru mtoto mradi anaishi katika nyumba yenye watu wanaomshika na kumzungumzisha. Hali ni tofauti kwa watoto waliozaliwa na paka asiye na mwenyewe, kwenye ghala, darini au sokoni. Hao hawaguswi na mtu katika kipindi nyeti, na wakipita miezi miwili wengi huwa wakali na hukimbia binadamu. Ndiyo maana waokoaji wa wanyama wakati mwingine huwachukua watoto kama hao mapema kidogo ili kuwazoesha watu, na inapowezekana humchukua mama pamoja nao. Uamuzi huo hupima madhara mawili, na haufai kutumiwa kama kipimo cha watoto waliozaliwa nyumbani.

Sheria na kanuni

Nchi kadhaa zimeweka umri wa chini kisheria. Kanuni za Uingereza (England) za mwaka 2018 zinamkataza mwenye leseni kuuza paka wa chini ya wiki 8. Tangu Aprili 2020 kanuni inayojulikana kama "Lucy's Law" inawakataza wauzaji wa biashara kuuza mbwa na paka wa chini ya miezi 6 ambao hawakuwazalisha wenyewe. Lengo lake ni kwamba mnunuzi amwone mtoto pamoja na mama yake. Ufaransa inakataza kuuza paka wa chini ya wiki 8. Nchini Marekani kanuni za serikali kuu zinakataza kumsafirisha paka kibiashara kabla hajafika wiki 8 na kuachishwa kunyonya. Nchini Uswidi umri uliowekwa ni wiki 12.

Vyama vya wafugaji huwa na masharti makali zaidi. Chama cha Uingereza cha GCCF huwataka wafugaji wake wasiwatoe watoto kabla ya wiki 13, ili chanjo za mwanzo ziwe zimekamilika.

Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki paka wengi hawanunuliwi. Mtu huomba kwa jirani au ndugu ambaye paka wake amezaa, au huchukua mtoto aliyemkuta mtaani. Katika miji ya kale ya pwani kama vile Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Zanzibar paka huzunguka kwa uhuru mitaani, hula mabaki ya samaki na kuzaa popote penye kivuli. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina sheria inayokataza ukatili kwa wanyama (sura ya 360).

Kwa kuwa hakuna fedha inayopokewa, mwenye paka mara nyingi hutaka watoto waondoke upesi, kabla hawajaongeza mzigo wa chakula. Wiki 3 au 4 za nyongeza zina gharama ndogo kwa mwenye nyumba: kati ya wiki ya 5 na ya 8 watoto hula kidogo tu, na mama hufanya sehemu kubwa ya malezi. Anayetaka paka wa kuzuia panya naye hufaidika kwa kusubiri, kwa kuwa mtoto aliyekaa na mama mwindaji hupata nafasi ya kuona uwindaji unavyofanyika.

Desturi ya kuwatia watoto wa paka katika kiroba na kuwatupa sokoni au jalalani huwaua wengi wao kwa njaa na baridi, kwani hawawezi kujitafutia chakula. Walio hai huongeza idadi ya paka wasiochanjwa. Paka aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa anaweza kuambukizwa na kumwambukiza binadamu. Mtu aliyeumwa au kuparuliwa na paka asiyejulikana anashauriwa kuosha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kwenda hospitali bila kuchelewa.

Dalili za kuwa tayari

Umri kamili usipojulikana, unaweza kukadiriwa kwa macho, meno na uzito. Mtoto mwenye macho ya buluu kabisa na uzito chini ya nusu kilo kwa kawaida hajafika wiki 6. Mtoto aliye tayari kuondoka huwa:

- amefika wiki 8 au zaidi;
- anakula chakula kigumu na kunywa maji peke yake kwa siku kadhaa mfululizo;
- ana uzito wa gramu 800 au zaidi na anaendelea kuongezeka;
- anatumia mchanga au mahali pake pa haja;
- haharishi, hapigi chafya, na macho yake ni makavu na maangavu;
- amepewa dawa ya minyoo na, inapowezekana, chanjo ya kwanza;
- anacheza na ndugu zake na haogopi kushikwa.

Mtoto mgonjwa au mwembamba hubaki kwa mama hata kama wiki 8 zimefika.

Siku za kwanza katika nyumba mpya

Mtoto husafirishwa ndani ya kikapu chenye kifuniko au boksi lenye matundu ya hewa. Kipande cha kitambaa alicholalia na mama yake huwekwa humo, kwa kuwa harufu anayoifahamu humtuliza. Katika siku za kwanza chumba kimoja tulivu humtosha, chenye chakula, maji, mahali pa kujificha na beseni la mchanga lililo mbali na chakula. Chakula alichozoea huendelea kutolewa kwa wiki moja, kisha kipya huchanganywa kidogo kidogo. Ndugu wawili wakichukuliwa pamoja huendelea kufundishana, jambo linalopunguza kulia usiku na kuuma watu.

Mtoto asiyekula kwa siku nzima, au anayeharisha na kulegea, anahitaji daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Mwili mdogo hauna akiba ya kutosha ya nguvu na maji.

Watoto wasio na mama

Mama akifa au akiwakataa watoto, suluhisho bora ni paka mwingine anayenyonyesha. Wengi huwapokea watoto wasio wao. Asipopatikana, hutumiwa maziwa maalumu ya watoto wa paka. Maziwa ya ng'ombe hayafai: yana protini karibu nusu ya ile ya maziwa ya paka, na sukari yake ya laktosi huweza kuwaharisha watoto.

Mtoto wa chini ya wiki 1 hulishwa kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Hulazwa kifudifudi kama anyonyavyo kwa mama, kamwe si chali, ili maziwa yasiingie mapafuni. Kabla ya kulishwa hupashwa joto kwanza, kwani mtoto aliyepoa hawezi kumeng'enya maziwa. Mahali pake huhitaji joto la nyuzi 30 hadi 32 za selsiasi katika wiki ya kwanza. Kila baada ya mlo husuguliwa taratibu sehemu za nyuma kwa kitambaa chenye unyevu wa uvuguvugu ili apate haja, mpaka afike wiki 3 hivi.

Mama baada ya watoto kuondoka

Watoto wote wakiondolewa ghafla wakati maziwa bado ni mengi, matiti ya mama huweza kujaa, kuuma na kuvimba kwa maambukizi. Wakiondoka mmoja mmoja baada ya wiki 8, maziwa hukauka pole pole. Mama anaweza kuwatafuta na kuwaita kwa siku chache, kisha hutulia.

Paka jike anaweza kushika mimba nyingine hata kabla ya kumaliza kunyonyesha, na watoto wake wa kike wanaweza kupata joto wakiwa na miezi 4 au 5 tu. Kwa hiyo madaktari hushauri mama afungwe uzazi baada ya watoto kuacha kunyonya, na watoto wafungwe wakifika miezi 4 hivi, kabla ya kubalehe. Bila hatua hiyo, baada ya miezi michache nyumba ileile hurudi kutafuta walezi wa uzao mwingine.

Tazama pia

- Paka
- Chanjo
- Kichaa cha mbwa
- Ustawi wa wanyama